Fimbo ya ustadh na moshi wa zebaki: Nani atamjibia aliye tumboni?

KUNA mtoto mmoja hapa Babati ambaye nina deni lake. Simtaji jina wala mtaa wao, kwa kuwa mama yake bado anaishi mjini hapa na watu tunafahamiana. Mwaka 2017 aliletwa katika madrasa ninayofundisha, akiwa na umri wa miaka minane. Wenzake wa umri ule walikuwa wameshazimaliza sura fupi, yeye alikuwa bado anapambana na herufi. Leo ukimfundisha alifu na ba akazishika, kesho utamkuta kama hajawahi kuziona. Hakai. Atamgusa wa kulia, atamfinya wa kushoto, mara ametoka nje kuangalia pikipiki inayopita. Siku moja kwa hasira aliirusha juzuu yake chini mbele ya darasa zima.

Nilimchapa. Nilimchapa kwa nia njema, kama sisi walimu tunavyopenda kusema, na sikumchapa siku ile tu. Niliendelea hivyo kwa miezi kadhaa.

Siku moja baada ya Alasiri mama yake alikuja, akakaa kwenye ngazi ya madrasa. Baada ya salamu akasema: "Ustadh, sikuja kulalamika. Nimekuja kukuomba tu. Huyu mtoto mimi mwenyewe nimempiga mpaka nimechoka. Baba yake kampiga. Shuleni wanampiga. Kama fimbo ingekuwa dawa, si angekuwa amepona?"

Sikuwa na jibu. Ili nisinyamaze tu, nikamuuliza kama mtoto aliwahi kuugua alipokuwa mchanga, au kama mimba yake ilikuwa na matatizo. Akasema mimba haikuwa na tatizo lolote. Wakati huo walikuwa wakiishi machimboni, upande wa Singida, mumewe akichimba dhahabu. Kisha akanisimulia jambo ambalo yeye aliliona la kawaida kabisa. Mumewe alikuwa akirudi jioni na donge lake limefungwa kwenye kitambaa. Hakupenda kulichoma kule mwaloni mbele za watu, akiogopa wezi. Basi alifunga mlango, akaliweka kwenye koleo juu ya jiko la mkaa, na yeye mama akapepea. Ilikuwa hivyo mpaka mimba ikafika mwezi wa nane.

"Moshi wake ulikuwa haukukerini?" nikamuuliza.

"Ule hauna harufu, Ustadh. Mkaa ndio una harufu."

Ndugu msomaji, kwa asiyejua kazi ya machimbo, nieleze kidogo. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na kuoshwa kwenye mwalo, mchimbaji mdogo huchanganya ule mchanga na zebaki. Zebaki hukamata chembe za dhahabu, zikawa donge moja la rangi ya fedha. Donge hilo likichomwa, zebaki hupanda kama mvuke na dhahabu hubaki. Ni njia rahisi na ya bei nafuu, na ndiyo inayowalisha maelfu ya watu kuanzia Geita hadi Singida na Chunya. Lakini ule mvuke hauishii hewani. Aliye karibu huuvuta, unaingia kwenye damu, na akiwa mjamzito unavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Hili la kuvuka kondo sikulijua. Nilielezwa na muuguzi mmoja tunayeswali naye msikiti mmoja, nami nikaanza kutafuta na kusoma. Niliyoyasoma ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta, kwamba sumu humdhuru mama kabla ya kumfikia mtoto. Imani hiyo ilivunjwa katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilikuwa kikimwaga maji yenye zebaki baharini. Zebaki hiyo, ambayo ni ya aina kali zaidi, ikaingia kwa samaki, na watu wakala samaki. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Ndipo wakaonekana watoto waliozaliwa na viungo vilivyopooza na akili iliyodumaa, wakati mama zao walikuwa na dalili ndogo tu au hawana kabisa. Mwaka 1962 ilikubaliwa rasmi kwamba watoto wale walidhurika wakiwa tumboni. Sumu haikusimama kwa mama. Leo inafahamika kwamba zebaki ya aina ile huwa nyingi zaidi katika damu ya kitovu cha mtoto kuliko katika damu ya mama yake.

Kwa nini ubongo? Kwa sababu tumboni ubongo ndio kwanza unajengwa. Chembe zake huzaliwa kwa wingi, kisha kila moja husafiri kwenda mahali pake na kuungana na wenzake. Zebaki huvuruga kuzaliwa kwao na safari yao. Risasi nayo, yaani yale madini ya kwenye betri, hujifanya kalsiamu na kupenya kila mahali kalsiamu inapohitajika. Tena risasi aliyoivuta au kuimeza mwanamke akiwa msichana hukaa katika mifupa yake miaka mingi. Akishika mimba, mwili hutoa kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Nyumba ikikosewa msingi, hata fundi hodari wa juu atapata shida, na anayeishi ndani atalaumiwa kwa nyufa ambazo hakuzitia yeye.

Wala hatusemi habari za Wajapani tu. Watafiti wa chuo cha afya cha Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, waliwafuatilia wanawake wajawazito wa maeneo ya machimbo madogo kaskazini mwa nchi yetu, kisha wakawapima watoto wao zaidi ya 400 kabla hawajapita mwaka mmoja sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Watoto ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi wakati wa mimba walielekea zaidi kuchelewa katika ukuaji wa akili na viungo, na hatari ilizidi pale zebaki ilipoandamana na sumu nyingine.

Lakini utafiti ulioniuma mimi kama mwalimu ni wa zamani zaidi. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka ya wanafunzi wa shule karibu na mji wa Boston, akapima risasi iliyokuwemo. Kisha akawauliza walimu, ambao hawakujua meno yanasema nini: mtoto huyu yukoje darasani? Kadiri jino lilivyokuwa na risasi nyingi, ndivyo mwalimu alivyoelekea kusema mtoto hatulii, hafuati maelekezo, hamalizi alichoanza. Watoto wale hawakuwa wagonjwa wa kulazwa. Walikuwa wale ambao sisi tunawaita watundu, wazito, watukutu. Sehemu ya utundu ilikuwa imeandikwa ndani ya jino, na mwalimu aliyeusoma utundu hakuwa na njia ya kulisoma jino.

Nilipolizungumza jambo hili barazani, nilipata majibu ya aina tatu, na kila moja nalionea shaka.

Jibu la kwanza: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Hapana Muislamu anayekataa kadari. Lakini tukumbuke kisa cha Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa akielekea Sham, akapata habari kuwa huko kuna tauni, akageuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja kuingia nyingine. Aliyeijua sumu na akaiacha ipite, kisha akasema ni kadari, huyo anaitumia kadari kuficha uzembe wake. Kadari ni maneno ya kumliwaza aliyepatwa. Aliyesababisha hawezi kuyafanya utetezi wake.

Jibu la pili: kosa ni la mama. Kwa nini alikaa karibu na moshi? Jibu hili ndilo jepesi kuliko yote, na ndilo la dhulma kuliko yote. Mama hakujua. Nani alikuwa na elimu hiyo, na alimwambia nani, kwa lugha gani? Huko Iraq, mwishoni mwa mwaka 1971, ililetwa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa yenye zebaki ili wakulima wapande. Maonyo kwenye magunia yalikuwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wenye njaa walioka mkate. Wagonjwa zaidi ya 6,000 walilazwa hospitali na zaidi ya 400 wakafa, na watoto waliokuwa matumboni wakazaliwa na ubongo ulioharibika. Je, tumlaumu mama wa Kiiraki kwa kutojua Kihispania? Basi na huyu wa Babati tusimlaumu kwa kutosoma majarida ya kitabibu.

Jibu la tatu: hakuna mwenye kosa, ni umasikini tu. Hili lina ukweli ndani yake, lakini lina hatari. Tukisema hakuna mwenye kosa, hakuna atakayefanya kitu, na mtoto wa kesho atavuta moshi ule ule.

Hebu tuangalie jinsi fiqhi inavyomtazama aliye tumboni. Mtu akifa na mkewe ana mimba, mirathi haigawanywi kana kwamba mtoto yule hayupo. Fungu lake linawekwa. Mama akihofia afya ya mtoto anaruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Mwanamke mjamzito aliyehukumiwa adhabu ya mwili haguswi mpaka ajifungue. Na anayempiga mama hata mimba ikatoka, analipa fidia iitwayo ghurra. Maana yake ni kwamba mtoto ana haki kabla hajalia kilio chake cha kwanza. Tumejifunza kumhifadhia shamba na nyumba akiwa tumboni. Itakuwaje ubongo, ambao bila huo hilo shamba hatalilima wala nyumba hataitunza, tusiuhifadhi?

Kuna jambo jingine katika fiqhi ambalo nadhani linajibu swali la baraza letu. Sheria inatenganisha dhambi na dhamana. Aliyeua kwa bahati mbaya hana dhambi ya muuaji, lakini damu haipotei bure, diya hulipwa. Na anayeilipa si yeye peke yake, bali ukoo wake, wale waitwao aqila. Hekima yake iko wazi: kuna madhara ambayo mtu mmoja hana uwezo wa kuyabeba, na si haki mwenye kudhurika akose kwa sababu tu aliyemdhuru hakukusudia. Basi mama hana dhambi, na huenda hata baba hana. Lakini dhamana ipo, na wabebaji wake ni sisi sote tulio katika mnyororo ule: anayeuza zebaki kwa kificho, dalali anayenunua dhahabu bila kuuliza, ofisa anayepita machimboni akaandika ripoti asirudi tena, na sisi wa mjini tunaotaka hereni na mikufu ya dhahabu kwa ajili ya mabibi harusi wetu.

Hili si ndoto. Huko Owino Uhuru, pembezoni mwa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014, kikiwa kimeshawasambazia wakazi sumu ya risasi. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wake, Phyllis Omido, aligundua kuwa hata mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaongoza kijiji kudai haki. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. La kuzingatia ni kwamba lawama haikuishia kwa wenye kiwanda. Taasisi za serikali zilizopaswa kuzuia nazo zilihesabiwa kuwa wadaiwa. Hiyo ndiyo maana ya dhamana. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 hukumu ya mwisho ilipotoka. Ubongo haukumsubiri hakimu.

Hapa atasimama mtu aulize: kama sumu inaweza kumfanya mtu awe mkorofi, je, wakorofi wote watasema ni zebaki? Swali hili ni zito. Huko Cincinnati, Marekani, watu wapatao 250 walifuatiliwa tangu walipokuwa tumboni hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliokuwa na risasi nyingi kabla ya kuzaliwa na utotoni walikamatwa na polisi mara nyingi zaidi ukubwani. Je, tuwafungulie wezi wote?

Hapana. Kwanza, hayo ni mambo ya wengi kwa ujumla. Hakuna anayeweza kumnyooshea kidole mtoto mmoja akasema, huyu ni zebaki. Hata yule wa kwangu sijui, na sitajua kamwe. Wapo watundu ambao mama zao hawajawahi kuiona dhahabu, na wapo waliozaliwa machimboni wakawa mahodari. Pili, dini yenyewe imeshatufundisha kuwa mtu habebeshwi zaidi ya uwezo wake, na kwamba kalamu haimwandikii mtoto mpaka abaleghe, wala mwenye wazimu mpaka apate akili. Kupungukiwa uwezo hakumfutii mtu wajibu wote. Kunaupunguza, na kile kilichopungua kwake hakipotei, bali kinahamia kwetu. Mtoto ambaye breki zake ni dhaifu anahitaji mwalimu mwenye subira, masomo mafupi, kurudia mara kumi na mama asiyedharauliwa.

Na kwa sababu sijui ni yupi aliyeguswa na yupi hakuguswa, nifanye nini na fimbo? Nimeona salama yangu ni kuiweka chini kwa wote. Nikikosea kwa kumhurumia mtundu wa kawaida, nimepoteza kidogo. Nikikosea kwa kumpiga aliyedhulumiwa tangu tumboni, nimeongeza dhulma juu ya dhulma, na hatakuwa na ulimi wa kunishitaki hapa duniani.

Sasa msomaji wa mjini asije akadhani haya ni ya machimboni tu. Sumu hizi zina milango ya kuingilia hata majumbani mwetu. Udongo wanaokula wajawazito, unaouzwa masokoni, umepimwa katika maeneo ya machimbo ya Geita na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2014. Ulikutwa na madini yenye sumu, ikiwemo arseniki. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, basi dada mwenye hamu hiyo asichekwe, apelekwe kliniki apimwe. Tena mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Mkorogo nao: baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua hutiwa zebaki, kwa kuwa huzuia ngozi kutengeneza weusi wake. Zimepigwa marufuku, lakini zinauzwa, na wapo wajawazito wanaojipaka. Na wanja: vipimo vilivyofanywa Oman, Saudi Arabia na Uingereza vimekuta wanja wa aina nyingi una risasi nyingi ndani yake. Kutajwa kwa ithmid katika sunna hakuutakasi kila unga mweusi unaouzwa kwenye kichupa. Mtoto mchanga husugua macho, kisha hulamba kidole.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Ni hatua njema. Lakini mkataba hauwezi kuingia jikoni kwa mchimbaji usiku na kufungua mlango. Anayeweza ni jirani, muuguzi, shehe na ndugu. Vijana wetu wa Babati wanapanda basi kila siku kwenda kutafuta maisha machimboni, na wake zao wanawafuata. Tuwaambie kabla hawajapanda: donge lisichomwe ndani ya nyumba, wala karibu na chakula, mjamzito au mtoto, lichomwe mbali, kwenye chombo kilichofungwa kinachouzuia mvuke usitoke, na nguo za kazini zisiletwe chumbani. Kliniki mjamzito anaulizwa mambo mengi. Aongezewe swali moja: mumeo anafanya kazi gani, na anaifanyia wapi? Na hotuba za Ijumaa zinazowausia wazazi kulea watoto zianze mapema zaidi, pale malezi yanapoanzia, tumboni.

Yule mtoto leo ni kijana. Herufi hatimaye alizishika, baada ya kukaa naye peke yake robo saa kila siku kwa muda mrefu. Sasa anaosha pikipiki karibu na stendi, na akiniona huniita kwa sauti, "Ustadh!", huku anacheka. Siku moja nilimwita pembeni nikamwomba radhi kwa zile fimbo. Alinitazama kwa mshangao.

"Fimbo zipi, Ustadh?" akasema. "Mimi sikumbuki."

Yeye hakumbuki. Mimi nakumbuka, na najua kuwa deni halifutiki kwa sababu mdai amesahau.